Barua kwa Idrisa, kabla hujakiitikia chuo

Mwanangu Idrisa,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, na babako kausoma baada yangu. Unauliza ubaki huko Saskatchewan umalizie mwaka wa mwisho wa ligi ya vijana ya magongo ya barafuni, au ukiitikie kile chuo cha Marekani kinachokutaka Septemba hii. Halafu ukaongeza: "Mama, timu yao ni kubwa ya kutosha?"

Ukubwa wa timu tuuache kwanza. Mimi nataka kujua wana mabeki wangapi wanaoshika gongo kulia kama wewe, na wangapi kati yao watakuwapo Oktoba. Nimelisema tangu kaka yako Salim alipokuwa akikufunga kamba za viatu vya barafu, nalo nitalisema tena: mchezaji hukua akicheza, hakui akitazama. Chuo kinaweza kuwa na uwanja wa watu elfu kumi na kombe la taifa kabatini. Ukikaa jukwaani na suti yako kila Ijumaa na Jumamosi, hivyo vyote ni vya wenzako.

Kwa hiyo chukua karatasi. Fungua orodha ya kikosi chao ya msimu uliokwisha, uandike kila beki: mwaka wa masomo, umri, upande anaoshikia gongo. Wanaomaliza masomo wakate. Kisha waongeze wale ambao wameshatangaza kwamba wanaingia mwaka huu, na wanaohamia kutoka vyuo vingine. Hao wa kuhama ndio vijana wenzako huwasahau. Beki wa miaka 23 aliyecheza misimu mitatu chuo kingine huja na ndevu zake na uzoefu wake, na kocha anayepigania kibarua humpanga yeye kabla ya mgeni. Vyuo vilivyoingia katika yale makubaliano ya mahakama ya Juni 2025 ya kuwalipa wachezaji wa vyuo vina kikomo cha wachezaji 26 kwenye kikosi. Makipa kawaida ni 3, mabeki 8 au 9, waliobaki washambuliaji. Usiku wa mechi mabeki wanaocheza kwa kweli ni 6, wa saba hupata zamu za kuokoteza. Sasa jiweke wewe katika hesabu hiyo uone umeangukia wapi.

Ukimaliza, rudia hesabu hiyohiyo mwisho wa Mei. Msimu wa chuo ukiisha, klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa, huja kusaini wachezaji, na wengine huhama. Orodha ya Aprili huwa haifanani na ya Juni.

Kisha mpigie kocha, umuulize mambo matatu bila kuzunguka. Mwaka jana beki wa mwaka wa kwanza aliyecheza mechi nyingi kuliko wote alicheza ngapi? Unaniona mimi katika jozi ya ngapi ya mabeki mwezi wa Oktoba? Na mpinzani akiwa na mtu mmoja zaidi kwa adhabu, nani hutoka kulinda? Ukipewa jina la mtu na idadi, huyo amekufikiria. Akikuambia "tunapenda sana tabia yako", mshukuru, halafu uliza tena.

Kubaki nako kuna hesabu yake, usidhani ni kujilaza kwenye kitanda ulichokizoea. Msimu ujao wewe ni mchezaji wa miaka 20, na kila timu ya WHL, ligi yenu hiyo ya vijana, inaruhusiwa watatu tu wa umri huo. Huko kwenu mko wangapi mliozaliwa 2006? Msimu unapoanza timu huwa na wanne au watano, kisha Oktoba lazima wabaki watatu. Anayeachwa hubadilishwa kwenda timu nyingine au hurudi nyumbani, na wakati huo vyuo vimeshajaza. Kocha wako anakuahidi unahodha, nami naamini anakutaka. Lakini beki mzuri akipatikana kwa kubadilishana, yeye naye ana bosi juu yake.

Hapa nisamehe, nitarudi kwa kaka yako. Najua mnasema nimeshaisimulia, lakini wewe ulikuwa mdogo, na upande ulioukumbuka ni wa kelele tu.

Kabla ya Agosti 2025, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilizihesabu ligi tatu za CHL, umoja wa ligi kubwa za vijana za Kanada, yaani WHL, OHL na ile ya Quebec, kuwa kama za kulipwa. Kijana aliyecheza humo alikuwa ameshajifungia mlango wa timu za vyuo vya Marekani. Salim aliitwa na timu ya WHL akiwa na miaka 16, akakataa. Akakaa AJHL, ligi ya vijana isiyo ya CHL, hapa Alberta, akilinda mlango huo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu chuo kimoja kilikuwa kimempa neno. Neno la mdomo, maana kwa umri ule hakuna kingine unachopewa. Ikaja korona. NCAA ikawapa wachezaji wote wa msimu wa 2020 hadi 2021 mwaka mmoja wa ziada. Waliokuwa waondoke wakabaki, na waliokuwa njiani kuingia wakakuta viti vimekaliwa. Simu ilipigwa Mei. Salim alisimama pale karibu na jiko akiitikia "sawa kocha, sawa kocha", kisha akaenda gereji akavua utepe wa gongo lake na kuufunga upya, utepe ambao haukuwa na kasoro yoyote. Sikumfuata.

Kocha yule hakusema uongo, nafasi kweli hazikuwapo. Nikishasema hivyo moyo wangu hujibu: lakini alijua tangu majira ya baridi, na Machi bado tungeweza kutafuta kwingine. Halafu najijibu tena kwamba huenda naye alikuwa akisubiri wachezaji wakubwa waamue. Miaka imepita na mjadala huu sijaufunga.

Tarehe 7 Novemba 2024, baraza la NCAA lilipopiga kura kuwaruhusu vijana wa CHL, nilifurahi kwa ajili yako na palepale nikaumia kwa ajili yake. Mlango alioulinda kwa kujinyima, wewe unaupita ukiwa umeshacheza misimu mitatu ya WHL. Si kosa lako, na Salim mwenyewe hana kinyongo. Yeye alikwenda chuo cha hapahapa Kanada, akapangwa tangu wikiendi ya kwanza, na kufikia Februari alikuwa analinda dakika za mwisho za mechi. Mchezo wake ulikomaa kule kuliko ambavyo ungekomaa akiwa mtu wa tisa mahali penye jina. Unaona kwa nini sichoki kuhesabu mabeki.

Kura ile imeufungua mlango kwa wengi kwa mpigo mmoja, ndiyo maana nafasi zimekuwa adimu. Ulicheza dhidi ya Gavin McKenna, yule nyota, alipokuwa timu ya Medicine Hat, na mwaka 2025 akaenda chuo cha Penn State. Mtoto kama yule hutengewa nafasi popote. Wewe ni beki mzuri wa kutegemewa, na beki wa kutegemewa huingia kwa hesabu.

Sasa karatasi zenyewe. Ile barua ya kujifunga na chuo iliyokuwa ikisainiwa zamani ilifutwa Oktoba 2024. Leo kinachowafunga wewe na chuo ni makubaliano ya ufadhili, basi yasome kama mkataba wa nyumba. Wamekuandikia asilimia 60, lakini asilimia 60 ya nini? Ya ada peke yake, au ya ada, malazi, chakula na vitabu? Tuseme gharama yote kwa mwaka ni dola 70,000 za Marekani. Ufadhili ukihesabiwa juu ya yote, sisi tunabakiwa na 28,000. Ukihesabiwa juu ya ada tu, ikiwa ada ni 50,000, tunabakiwa na 40,000. Na babako analipwa kwa dola za Kanada. Tazama pia ni wa mwaka mmoja au miaka yote, unaendelea ukiumia goti, na kocha akifukuzwa nani anayeheshimu sahihi yake. Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi tukihesabu hakipo, hata kama amekisema mtu mwema.

Upande wa pili wa mizani kuna ufadhili wa WHL: kila msimu uliocheza ni mwaka mmoja wa ada, nawe una mitatu. Ukibaki utakuwa na minne. Una muda maalumu wa kuanza kuutumia, kwa hiyo waandikie ofisi ya ligi wakujibu kwa maandishi muda wako unakwisha lini, na unaweza kuutumia chuo gani. Usitegemee jibu la mwenzako kwenye basi.

Masomo nayo. NCAA inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 katika hayo. Wastani wako ni mzuri. Tatizo la mchezaji wa ligi ya vijana ni kuhama: ulisoma hapa Alberta, kisha ukamalizia Saskatchewan, na Kituo cha Ustahiki cha NCAA kinataka rekodi kutoka pande zote mbili, itumwe moja kwa moja na wahusika. Picha uliyoipiga kwa simu haifai kitu. Na ukibaki mwaka huu, yale masomo ya chuo kwa njia ya intaneti chukua moja au mawili tu. Ukijisajili kama mwanafunzi wa muda wote, hata kwa muhula mmoja, saa ya ustahiki wako, yaani miaka unayoruhusiwa kucheza chuoni, inaanza kwenda, na utafika chuoni umeshapoteza kitu bila kugusa barafu. Iulize ofisi ya kanuni ya chuo unabakiwa na misimu mingapi ukiingia mwaka huu, na mingapi ukiingia mwakani, wakuandikie majibu yote mawili.

Pale mpakani, kwa kuwa una pasipoti ya Kanada huhitaji viza ya kubandikwa, lakini lazima uwe na fomu ya I-20 kutoka chuoni na risiti ya ada ya SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, dola 350. Ukiwa na hadhi ya mwanafunzi wa F-1 huruhusiwi kufanya kazi ovyo. Wenzako Wamarekani watalipwa kwa matangazo, nawe utaletewa fomu zilezile za matangazo. Usisaini chochote cha pesa kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hilo si la kujaribu ukaona.

Kuhusu mchezo wenyewe unajua zaidi yangu, ila haya yatazame. Umezoea mechi 68 za ligi, Jumanne kwenye basi, Jumatano barafuni. Chuoni ni kama mechi 34, nyingi za Ijumaa na Jumamosi, na katikati ya wiki ni mazoezi na chumba cha vyuma. Kwa beki mwembamba ni neema, kwa sababu utapata siku za kujenga miguu. Kwa mchezaji anayejisahihisha kwa kucheza mara nyingi ni kazi: ukikosea Jumamosi utakaa na kosa hilo siku sita. Utakabana pembeni na watu wa miaka 23 na 24. Ngumi zinakutoa mechi hiyo na inayofuata. Na chuoni lazima uso wote ufunikwe. Wewe umezoea kioo cha nusu uso, basi vaa wavu kamili tangu Juni, ufanye mazoezi ya kupokea pasi kisahani kikiwa miguuni kabisa. Hapo ndipo wavu hukata macho, na hapo ndipo beki mgeni hunyang'anywa kisahani nyuma ya goli lake.

Babako anasema nikuachie uamue, kwamba una miaka 19 na uamuzi ni wako. Nakubali. Ningesema… lakini nikilisema utaliegemea, kisha msimu ukiwa mgumu utanitazama mimi. Nitakwambia nusu yake tu. Ikiwa katika hesabu yako wewe ni beki wa tano au wa sita, na karatasi inasema asilimia 60 ya gharama zote, sioni unachokingoja. Ikiwa wewe ni wa nane, basi unahodha na dakika 22 kila mechi si jambo dogo, mradi uwe na uhakika ni mmoja wa wale watatu. Na waulize chuo wazi kama nafasi yako inangoja hadi 2027, jibu lije kwa barua, mwanangu, si kwa simu.

Jumatatu asubuhi iombe rekodi ya masomo ya Saskatchewan kabla shule haijafunga. Nitumie kurasa zote za makubaliano, hata zile zenye maandishi madogo, pamoja na orodha ya mabeki uliyoiandika kwa mkono wako. Salim anataka kuipitia pia. Msalimie mama wa familia inayokulea, umwambie mahamri ya iliki nitampelekea tukija kukuchukua.

Mama yako