Maswali ya Wanapikipiki: Anayebaki Nyuma Ni wa Nani?

Tuko kumi na wawili, tunataka kutoka Tororo kwenda Jinja kuona daraja jipya la Nile. Tujipange vipi barabarani? (Msomaji, Tororo)

Gawaneni makundi mawili kwanza. Msafara mrefu haupitiki, na lori linalotoka Malaba likijaribu kuwapita litajikuta katikati yenu. Ndani ya kundi kaeni zigizaga: kiongozi upande wa kulia wa njia yenu, wa pili kushoto nyuma kidogo, wa tatu kulia tena. Kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja acha sekunde mbili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hizo ni kama mita 44, si kidogo. Msiende wawili sambamba, kwa sababu mwenzako akikwepa shimo atakuja kwako. Kwenye kona, mvua au barabara ya murram, mstari mmoja.

Lazima tununue redio za kuvaa ndani ya helmeti?

Hapana. Mkono wa kushoto unatosha, maana wa kulia una kazi ya mafuta na breki ya mbele. Kidole kimoja juu: mstari mmoja. Kiganja chini kikitazama nyuma: tunasimama. Kuonyesha lami kwa kidole: shimo upande huu. Kupigapiga tangi: nahitaji petroli. Kubalianeni kabla ya kuwasha injini, kisha kila mmoja airudie ishara kwa wa nyuma yake. Redio, kama zipo, apewe kiongozi na mtu wa mwisho. Wengine mtapiga soga tu, nawajua.

Pikipiki yangu ni ndogo, na mimi bado mgeni. Wenzangu hunikimbia, nami huwafukuza huku naogopa. Nifanyeje? (Msomaji, Bugiri)

Dada, usiwafukuze. Kosa ni lao. Mgeni hukaa wa pili, nyuma ya kiongozi, ili kiongozi amwone kwenye kioo na kupima mwendo kwake. Mkongwe mwenye spana na bandeji ndiye hukaa mwisho. Halafu kila mtu ana deni la mmoja tu: wa nyuma yake. Asipomwona kiooni anapunguza, wa mbele yake naye anapunguza, na habari inamfikia kiongozi bila simu. Kwenye njia panda hukunji kona mpaka wa nyuma akuone. Wakikataa hayo, waambie mtakutana Iganga kwenye chai, uende kwa mwendo wako.

Kiongozi akitupungia mkono tupite lori, tumfuate?

La. Yeye anaona barabara ya sekunde ile, si ya kwako. Mimi niliponea karibu na Kakira: nilimfuata rafiki kuipita trekta yenye matela ya miwa, nikitazama mgongo wake badala ya barabara. Yeye alipita, mimi nikakutana na taa za matatu. Nilirudi nyuma ya tela nikitetemeka. Piteni mmoja mmoja, kila mtu kwa macho yake, na aliyepita asonge mbele kuwaachia wenzake nafasi ya kuingia.

Mimi hubebwa nyuma. Nimsaidie dereva kuonyesha ishara?

Akikuomba, ndiyo. Vinginevyo shika vizuri, na kwenye kona inama naye.