Maswali na majibu: Pima unyevu kabla hujagusa randa

Nimenunua ubao wa gogo zima, unene sm 5, upana sm 90. Muuzaji amesema ni mkavu. Naweza kuanza meza wiki hii?

Umeupima? Muuzaji akisema "mkavu", mara nyingi anamaanisha ukiupapasa haulowanishi mkono. Ubao unaokaushwa kwa hewa tu huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila sm 2.5 za unene, na miti mingine migumu huzidi hapo. Wako basi ni miaka miwili, tena kama ulipangwa vizuri tangu ulipopasuliwa.

Kata sm 40 kutoka nchani, kisha choma sindano za kipima unyevu katikati ya unene, palepale ulipokata. Usipime ncha ya zamani wala uso, maana hapo hutangulia kukauka na namba itakudanganya. Samani za ndani kwa kawaida hutaka asilimia 8 hadi 12, kulingana na hewa ya mahali. Njia nzuri zaidi ni kupima meza kuukuu iliyomo katika chumba hichohicho na kulenga namba yake.

Kama huna kipima, mizani ya jikoni inatosha. Palepale ulipokata, toa kipande chembamba, kipime papo hapo, kisha kiweke ndani ya oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 124 na kuishia 100, unyevu ulikuwa asilimia 24: gramu zilizopotea ukizigawa kwa uzito mkavu. Ubao wa namba hiyo bado si wa meza. Urudishe juu ya vijiti vya unene sawa, mm 20 hadi 25, kimoja kila sm 40, na uweke uzito juu yake. Ukiwa na mbao kadhaa, kijiti cha juu kikae wima juu ya kile cha chini; vikipishana, ubao utapinda hapohapo.

Nipake gundi gani ncha zisipasuke?

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: hakuna gundi inayozuia mbao kusinyaa. Ncha hutoa maji haraka kuliko uso, hivyo husinyaa wakati sehemu ya kati bado imejaa, na ufa huanzia hapo. Dawa ni kuchelewesha ncha kwa nta au tabaka mbili za rangi nzito ya mafuta, siku ileile gogo linapopasuliwa. Ukingoja mwezi, utakuwa unapaka nyufa.

Kama hujanunua bado, uache ubao wenye kiini cha mti katikati. Mbao husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo ubao wa namna hiyo utapasuka hata ukiupaka nini.

Magome niache au nitoe?

Toa. Yatabanduka yenyewe baadaye, na wadudu hupenda kujificha chini yake. Tumia patasi butu usijeruhi ukingo, kisha brashi ya waya laini.

Nitanyooshaje ubao mpana bila mashine kubwa?

Kwa ruta, mashine ya mkononi yenye kisu kinachozunguka, inayopita juu ya reli mbili. Reli ziwe ndefu kuliko ubao, zilingane kimo, na daraja linalobeba ruta lisibonyee katikati. Likibonyea mm 1, meza nayo itakuwa na bonde la mm 1. Kosa kubwa hutokea kabla ya kukata. Ubao ukicheza juu ya benchi, wengi huushindilia kwa vibano hadi utulie, wakamaliza kazi, wakafungua vibano, na ubao ukarudi kujipinda. Usiulazimishe. Kama pembe moja imeinuka mm 12, weka kabari za mm 6 chini ya pembe hiyo na ile inayokabiliana nayo kimshazari, ili hasara igawanyike.

Kata mm 2 kila mpito, geuza, na utoe kiasi kinachokaribiana kila upande. Bakiza mm 3 juu ya unene unaoutaka, uache ubao juu ya vijiti wiki mbili, ndipo umalizie. Kisu kipana cha mm 50 kina kikomo chake cha mizunguko; kisome na upunguze kasi ya ruta. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa: vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua.

Nilifunga miguu ya chuma kwa skrubu, baada ya miezi sita ubao umepasuka katikati. Mbao mbovu?

Mbao haina kosa. Ubao wa sm 90, unyevu ukibadilika kwa asilimia 4, unaweza kutanuka au kusinyaa karibu mm 9 kwa upana. Chuma hakiufuati, basi kinachoachia ni ubao. Tundu la katikati libaki la duara. Ya pembeni yarefushwe kufuata upana wa ubao, mathalani mm 8 kwa 16 kwa bolti ya mm 8, na uweke washa. Bolti ikaze bila kubana kabisa.

Epoksi niliyojazia ufa ilichemka ikatoa moshi.

Ulimwaga nyingi mno kwa mkupuo. Epoksi, gundi ya majimaji inayochanganywa na kigumishi, huwa ngumu kwa kutoa joto, na ikiwa nene joto halina pa kutokea. Ile ya kupaka uso humwagwa milimita chache kwa wakati. Ufa wenye kina unahitaji aina ya kumwaga nene. Kipimo ni cha kwenye kopo. Kuongeza kigumishi hakuharakishi, kunaharibu. Paka kwanza tabaka jembamba kuziba vinyweleo, la sivyo mapovu yatapanda. Na juu ya ubao mbichi haitashika sawasawa, ndiyo maana nauliza unyevu kwanza.

Naona unga mweupe chini ya meza.

Imebunguliwa, na huenda wadudu wangali hai. Itenge na samani nyingine leo.

Vanishi upande wa juu tu inatosha?

Hapana. Upande usiopakwa hubadilishana unyevu haraka kuliko uliopakwa, na meza hupinda. Paka pande zote mbili idadi sawa ya tabaka. Ukitumia mafuta ya kitani, usikunje wala kurundika matambara yaliyolowa, kwa kuwa yanaweza kujiwasha yenyewe ndani ya saa chache. Yatandaze nje moja moja hadi yakakamae, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.