Muulize Mzee wa Kaunta: Bunduki ya kindi kwa dola 500

*Jambo Mzee. Mimi ni mtu wa Fizi, huko Kongo, sasa nakaa Bowling Green, Kentucky, na mke na watoto. Wenzangu wa kiwandani wanawinda kindi na wamenialika msimu ujao. Mmoja ananiambia ninunue Ruger 10/22 kwa sababu kila mtu anayo. Muuzaji dukani alinitolea bunduki ya risasi za .17 HMR, akasema ndiyo ya kisasa. Nina dola 500 kwa kila kitu, na natumia mkono wa kushoto. Nataka bunduki inayopiga pale ninapolenga, basi. Ninunue ipi?*
— Mkono wa Kushoto

Jambo mdogo wangu. Huo mkono wa kushoto umenipunguzia kazi. Tafuta Savage Mark II ya kaliba (unene wa risasi) .22 LR, ile ya bolti, yaani kipande unachokivuta kwa mkono kupakia kila risasi, toleo lenye mkono wa bolti upande wa kushoto. Kampuni nyingi haziwajali watu wa mkono wako mpaka ufike kwenye bei za juu, lakini Savage wamewatengenezea kwa muda mrefu bila kuwachaji bei ya kitajiri. Kama kaunta haina, waambie waiagize. Usikubali kubebeshwa ya kulia kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

Mwenzako hajakosea kuisifu 10/22. Ipo tangu 1964, haichoki, na vipuri vyake vimejaa kila kona. Ila inajipakia yenyewe, na kila risasi hurusha ganda kwenda kulia, yaani mbele ya pua yako wewe wa kushoto. Halafu ile ya kawaida, jinsi inavyotoka kiwandani, hutawanya risasi zaidi kidogo kuliko bolti ya bei ileile. Wako watakaonibishia. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la uwindaji hapa Kentucky hadi nilipostaafu, na wengi walionunua 10/22 walirudi kununua mtutu mwingine wa kuifunga. Ukijumlisha, mtu kashapita bei ya bolti nzuri.

Kingine kizuri kwenye Mark II ni triga. Bunduki nyingi za bei ya chini zina triga nzito, na ukiivuta kwa nguvu mdomo wa mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Savage wanafunga triga wanayoiita AccuTrigger, ambayo unailegeza mwenyewe nyumbani bila fundi.

Sasa hiyo .17 HMR. Ilitoka 2002, na risasi yake nyembamba inatoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya meta 750 kwa sekunde. Kwa wanyama wadogo waharibifu wa mashambani, wanaopigwa kutoka mbali, sawa. Lakini kindi wa misitu yetu utampiga ndani ya yadi 50, mara nyingi 25. Ukimkosa kichwa ukampata begani, nyama ya mbele imekwisha. Na risasi zake ni ghali mara kadhaa kuliko za .22, kwa hiyo utafanya mazoezi kidogo, na hapo ndipo shabaha inapopotea. Muuzaji alikuwa anafanya kazi yake. Nilikuwa nafanya hivyohivyo mwisho wa mwezi.

Nikija kwenye risasi, hapa nisome taratibu. Watu wanahangaika kuchagua bunduki, wakishanunua wanabeba boksi lolote la risasi lililo kwenye punguzo. Bunduki ya .22 inabagua chakula. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti kabisa, na hakuna anayeweza kukuambia yako itapenda ipi. Nunua boksi moja moja: CCI Standard Velocity, Aguila SuperExtra, SK Standard Plus, na Federal au Winchester yoyote. Nyingi kati ya hizo ni chini ya dola 10 kwa risasi 50. Nenda uwanja wa shabaha siku isiyo na upepo, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, weka karatasi yadi 50. Piga tano tano. Ukibadilisha aina, piga kwanza kama kumi bila kuhesabu, kwa sababu kila kampuni hupaka risasi nta yake na mtutu unahitaji kuizoea. Aina itakayokusanya matundu yote matano ndani ya inchi moja, hiyo ndiyo ya bunduki yako. Nunua nyingine nyingi za aina hiyohiyo, na usimsikilize mtu.

Kwa nini inchi moja? Kichwa cha kindi, sehemu ya kumwangusha papo hapo, si kikubwa kuliko kizibo cha soda. Usiende msituni kabla hujaweza kukipiga kizibo umekaa chini na mgongo kwenye mti, maana msituni hakuna meza.

Utaona nimetaja Standard Velocity. Hizo hutoka kwa kama meta 326 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Hazitoi ule mlio mkali wa kupasua hewa, na bunduki nyingi huzipenda kuliko zile za kasi. Ukishajua shabaha yako iko wapi, jaribu na zenye ncha iliyotobolewa za kasi hiyohiyo kwa ajili ya kuwindia.

Darubini: usinunue ile ya kuwindia paa. Hizo lenzi zake zimepangwa kwa yadi 100 au zaidi, na kwenye yadi 30 ukisogeza jicho kidogo msalaba wa kulengea unahama juu ya kindi. Waombe ya .22, iliyopangwa kwa yadi 50 au 60, ya kukuza mara 2 hadi 7. Dola 80 zinatosha. Wale wanaofunga darubini ndefu kama bomba la bafuni kwenye .22 waache na maisha yao.

Hesabu yako: bunduki kama 280, darubini 80, vishikio vyake 25, risasi za majaribio 50. Ongeza kodi ya mauzo ya Kentucky, asilimia 6, unafika karibu 461. Kilichobaki ni cha leseni. Ukiona bei imepanda, tafuta iliyotumika, lakini kwanza toa bolti uangalie kwa tochi ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa. Bunduki za zamani za .22 zilizofyatuliwa tupu kwa miaka huwa na kovu pale pini inapogonga, na ganda hukwama hapo. Angalia pia mdomo wa mtutu. Ukiona umegongwa au una kutu, rudisha kwenye rafu.

Msimu wa kindi hapa hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na kwa siku ni kindi sita. Kama umezaliwa 1975 au baadaye, unahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Usiingie Mammoth Cave, ni hifadhi ya taifa na hairuhusiwi kuwinda. Ardhi ya umma ya Barren River Lake haiko mbali nawe. Mimi Agosti siendi na .22. Majani bado yamejaa, na kindi wako juu kabisa kwenye miti ya hikori wakikata njugu, humwoni ila unasikia maganda yakidondoka. Wakati huo wenzangu hubeba bunduki ya marisau. Novemba majani yakianguka, hapo .22 ndiyo inafaa.

Na hili usilipuuze: risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu. Kindi akiwa kwenye kitawi na nyuma yake mbingu tupu, mwache. Subiri akae mbele ya shina au tawi nene. Nyumbani una watoto, na mtu wa Fizi sina haja ya kumweleza bunduki ni nini. Bolti iondoe, kaa nayo mbali na bunduki, na risasi zifungiwe kwingine.

*Shikamoo Mzee. Shemeji yangu yuko Louisville kwa viza ya masomo. Anataka .22 na amenipa pesa nimnunulie kwa jina langu, mimi nina kadi ya kijani. Kuna shida?*
— Dada wa Shively

Marahaba binti yangu. Shida kubwa. Mrudishie pesa leo. Fomu 4473 ya dukani inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya hapo ni kosa la serikali kuu, jela hadi miaka 10. Kadi yako ya kijani nayo unaweza kuipoteza. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hata kushika bunduki haruhusiwi. Kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini aende yeye kwa mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kisha dukani yeye mwenyewe.

*Mzee, mume wangu analeta kindi wamejaa manyoya kwenye nyama. Nifanyeje?*
— Mama Neema, Lexington

Mwambie awaloweshe maji kabla ya kuchuna, na awachune wakiwa bado na joto. Toa vile vitezi vidogo chini ya mikono ya mbele. Mwenye ngozi laini na masikio mepesi ni kijana, mkaange. Mzee mchemshe taratibu mpaka nyama iachie mfupa, ndipo uweke karanga.