Kisu kidogo mkononi mwa mtoto

Mwanangu Chebet,

Hatujambo hapa Nakuru, mahindi yameanza kubeba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: watoto wa Wahadza, wawindaji na waokota matunda wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, na wa Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, wanazijuaje kazi za kwao ikiwa hawaketishwi chini wafundishwe?

Wanafundishwa, mama, tena mapema kuliko sisi. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett alikaa sana na Waaka. Mwaka 1986, yeye na mtaalamu wa jenetiki Cavalli-Sforza walichapisha kwamba takriban asilimia 80 ya ujuzi waliouulizia, Waaka walisema waliupata kwa wazazi wao. Baadaye Hewlett alirekodi kwa video watoto wa mwaka mmoja na kidogo. Mzazi humpa mtoto kisu kidogo au kijiti cha kuchimbia, humwonyesha kidogo tu, kisha humwachia. Hatoi hotuba.

Akishapata miguu, watoto wenzake nao huwa walimu. Kwa Wahadza, wakubwa kwa wadogo hutoka pamoja kutafuta matunda, ubuyu na viazi vya porini. Mkubwa akipasua ubuyu kwa jiwe, mdogo anaangalia, naye anaokota lake. Chakula wanachookota ni cha kweli, kingine wanakila papo hapo.

Hilo nililiona nikiwa msichana Elburgon, nilipofuatana na jirani yetu Mogiek, wa jamii ya Ogiek, kurina asali katika msitu wa Mau. Alipanda mti hadi kwenye mzinga wa mtarakwa. Mwanawe, wa miaka saba hivi, alisimama chini akipuliza magome yaliyofuka moshi, macho yakimtoka machozi. Moto ulipofifia, baba hakusema neno. Alingoja kule juu, nyuki wakimzunguka, hadi kijana akageuza magome na moshi ukapanda tena.

Mimi nisingengoja. Wewe nilikunyima kisu mpaka darasa la sita, nikidhani ndiyo malezi, na ulipokwenda bweni hukujua hata kumenya kiazi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilipokuja kwako Kisumu Aprili, mwanao Kiprono aliushika mwiko wa ugali, ukampokonya. Najua ulikuwa umechoka na sufuria ilikuwa ya moto. Ila alilia kama aliyefukuzwa kazini.

Disemba nitamletea kisu butu. Nitakaa naye mkekani na majani ya sukuma, wewe utupikie chai.

Mama yako