Hao watu wa sarafu za mtaa ni akina nani? Jibu la fundi cherehani wa Bangladesh, Mombasa

Ndugu yetu wa Kinango umeuliza mambo mawili kwa mpigo: hao watu wa Grassroots Economics, shirika linalosaidia mitaa na vijiji kutoa sarafu zao wenyewe, wanaotaka kuongea na chama chenu ni akina nani hasa, na je, si wale waliowahi kukamatwa Mombasa kwa kesi ya noti bandia? La pili ni jepesi. Ndiyo, ni wale wale. La kwanza ni refu, na nitalijibu kama fundi cherehani wa Bangladesh, huku Mikindani, niliyezipokea hizo noti zao kibandani mwangu.

Nianze na kesi, maana ndiyo inayowatisha watu. Shirika lilikuwa likiitwa Koru-Kenya, na mwanzilishi wake ni Mmarekani, Will Ruddick, mtu aliyesomea fizikia. Mwaka 2010 walikuwa wameshajaribu noti za mtaa zilizoitwa Eco-Pesa kule Kongowea, ikienda sambamba na kuzoa taka na kuotesha miche. Kwetu wakaleta Bangla-Pesa Mei 2013. Kumbuka majira yalivyokuwa. Serikali za kaunti zilikuwa changa kabisa, zimetoka kuzaliwa na uchaguzi wa Machi, na Pwani nzima ilikuwa imepamba moto kwa habari za MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge, na kauli yao "Pwani si Kenya". Katikati ya joto hilo zinatokea karatasi za rangi zenye thamani juu yake, tena zinaitwa pesa. Mwezi haukuisha, polisi wakaja. Ruddick na Wakenya watano wakatiwa ndani, magazeti yakawahusisha na wanaotaka kujitenga, mashtaka yakawa ya kughushi. Agosti mwaka huo huo mashtaka yakaondolewa.

Watu humtaja mzungu wakawasahau hao watano. Mimi huwataja wao kwanza. Mgeni akiandamwa na serikali ana pa kwenda. Mwenyeji mwenye biashara yake mtaani hana, na bado noti ziliporudi mtaani baada ya kesi walikuwepo. Baadaye kwenye bodi ya shirika ukamwona Caroline Dama, mama wa huku huku Pwani, akisimama mbele ya waandishi wa habari kueleza jambo hili vizuri kuliko ambavyo mfadhili yeyote angelieleza.

Kwa nini tulizipokea? Bangladesh shilingi hailali. Asubuhi inaingia na vibarua waliolipwa jana, mchana inazunguka vibanda viwili vitatu, jioni imeshakwenda kwa mwenye nyumba anayekaa kwingine na kwa maduka ya jumla ya Kongowea. Ugatuzi wa makaratasi ulipeleka pesa kutoka Nairobi mpaka ofisi za kaunti, lakini kutoka ofisi za kaunti mpaka kwenye meza ya muuza mahamri ni safari nyingine. Siku soko limelala, muuza maji ana mitungi imejaa, mama wa chapati zimembakia, mimi nina suruali ya kupunguza ambayo mwenyewe hajaja kwa kukosa hela. Kila mmoja anacho anachokitaka mwenziwe, na hakuna kinachosogea.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mwenye biashara hapewi noti mpaka wenzake wanne wamdhamini. Akishadhaminiwa, anapata za kutumia, na fungu jingine linakwenda kwenye mfuko wa mtaa, kwa kazi kama za usafi. Noti zilikuwa ndogo ndogo, za tano, kumi, ishirini, na hazibadilishwi kwa shilingi. Kilichosimama nyuma yake ni ahadi ya wanachama tu: ukija na karatasi hii, nitakupa chapati, nitakunyoa, nitakushonea. Ndiyo maana hoja ya kughushi haikuwa na miguu. Kutoa sarafu ya nchi ni kazi ya Benki Kuu, Katiba imesema hivyo katika kifungu cha 231, lakini ile haikujifanya shilingi. Ilikuwa vocha, kama zile za madukani, ila hii ilitolewa na mtaa mzima.

Sasa mambo ya kazini, ambayo nadhani ndiyo yatakufaa. Ukishona sare ya shule, kitambaa na uzi unanunua mjini kwa shilingi. Kwa hiyo sare nzima kwa Bangla-Pesa haiwezekani, utakufa. Mimi nilikuwa nachukua bei ya kitambaa na uzi kwa shilingi, na sehemu ya ufundi ndiyo nakubali noti za mtaa. Na hata hapo sichukui zaidi ya ninazoweza kuzitumia mimi mwenyewe: chai, maharagwe ya mchana, maji, kinyozi. Zikizidi hapo zinakulalia. Wenye duka ndio walioumia na hili. Mtaa mzima unamlipa kwa noti, yeye sukari na unga anazinunua kwa watu wasiozijua. Wenye duka wa kwetu walioelewa waliweka kiwango, kwamba noti ni sehemu tu ya bei, na hesabu zao zikakaa sawa. Waliopokea kwa kuona haya kuwakatalia majirani waliacha baada ya muda, na siwalaumu.

Na hapa ndipo utawajua watu walio nyuma ya jambo. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetumia zake zote, akafunga kibanda, akahama usiku. Wadhamini wake wakaitwa. Hakukuwa na askari wala barua; mwenyekiti wa kikundi alikwenda kibanda kwa kibanda akikumbusha nani alimdhamini nani, mpaka wale wanne wakakubali kupokea noti kwa niaba yake mpaka deni likaisha. Yule mwenyekiti hakuwa na mshahara wa shirika wala fulana. Mtaa wenye mtu wa namna ile, mradi unasimama hata afisa asipoonekana miezi. Usipokuwa naye, noti zinabaki picha.

Baada ya kwetu zikafuata Kangemi, Kawangware na Kibera, na kuanzia 2018 wakaanza kuhamia kwenye simu. Ikawa Sarafu. Huhitaji simu ya bei, ile ya kitochi inatosha, unabonyeza nyota na namba kama unayeongeza salio. Nyuma yake kuna blokicheni, yaani daftari la kompyuta linalotunzwa na wengi kwa pamoja, ambayo sijamsikia mama mboga hata mmoja akiiulizia. Mwaka 2020 korona ilipofunga kazi walishirikiana na Msalaba Mwekundu kule Mukuru, Nairobi, na ikatanuka sana. Takwimu zilizochapishwa baadaye, za tangu Januari 2020 mpaka Juni 2021, zinaonyesha akaunti kama elfu 55.

Ukiniuliza mimi, ukubwa ule haukuwa ndio nguvu yenyewe. Wakati ule mtu akijiandikisha alipewa za bure, na kwa kuwa kulikuwa na shilingi za wafadhili nyuma yake, wengi walikuja kwa ajili ya shilingi. Akaunti zinaongezeka, wadhamini hawaongezeki. Kinachonivutia zaidi ni walikoelekea baada ya hapo, na huko ndiko kwenu: mweria. Wewe ni wa Kinango, sina haja ya kukufundisha kwamba wazee walilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyekuja zamu yake anajulikana kijiji kizima. Hawa jamaa waliona hicho ndicho walichokuwa wakihangaika kukijenga kwa karatasi mjini, nanyi mnacho tayari. Sarafu ya kijiji kwa namna hiyo ni daftari la mweria lililotiwa kwenye simu.

Kwa hiyo wakija, usiwaulize sana habari za mfadhili, ingawa ni haki yako. Waulize ahadi zitaandikwa kwa jina la nani, nani atakuwa na idhini ya kutoa vocha mpya, na chama kikitaka kujitoa daftari litabaki kwa nani. Kisha rudini ndani wenyewe, bila wao, kila mwanachama aseme anaweza kutoa nini: siku za jembe, mayai, kubeba maji, kushona, kusuka nywele. Mwenye duka asilazimishwe. Aachwe aseme mwenyewe sehemu gani ya bei ataipokea. Kama mwanachama hana hata watu wawili wa kusema "huyu namjua, akikimbia nitamlipia", huyo asipewe kwanza, hata akiwa ndugu wa katibu. Hapo hasa akiwa ndugu wa katibu.

Mkianza, anzeni msimu wa kulima, si wakati wa ukame. Wakati wa kulima kila mtu ana kazi ya kuahidi.