Kabla ya askari, tafuteni fundi

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni nani anayepaswa kulinda majengo na sanaa za dini zinapobomolewa kwa makusudi, na alinde vipi. Najua wengi watataja serikali, UNESCO, labda na askari wa getini. Mimi ni fundi rangi hapa Nairobi, nimepaka makanisa, misikiti na hekalu moja la Wahindu, kwa hiyo nitajibu kifundi. Ulizeni kwanza: nani anajua kulijenga tena, na nani analiita lake? Hao wawili wakiwapo, mbomoaji amejichosha bure.

Tazameni Timbuktu, kule Mali. Mwaka 2012 wapiganaji wa Ansar Dine, kundi la Waislamu wenye msimamo mkali, waliyaendea makaburi ya mawalii kwa sururu, wakabomoa 14 kati ya 16 yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wakavunja na mlango wa msikiti wa Sidi Yahya, ule ambao wenyeji walisema haufunguliwi hadi siku ya kiyama. Kufikia Julai 2015 makaburi yalikuwa yamesimama tena. Fedha zilitafutwa nje, lakini udongo ulishikwa na waashi wa mji ule ule. Jengo la udongo halina siku ya kukamilika. Mvua hulila, nanyi mnalikandika, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kazi ile walikuwa nayo mikononi. Haikuhitaji kufukuliwa vitabuni.

Kesi nayo ilifika ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo sisi Wakenya tunaijua kwa mambo yetu mengine. Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mmoja wa waliosimamia ubomoaji ule, alikiri kosa, na Septemba 2016 akafungwa miaka 9 kwa kushambulia majengo 10. Mwaka uliofuata fidia ikapangwa kuwa euro milioni 2.7. Nilifurahi, kusema kweli. Ila angalieni tarehe: hakimu alipogonga meza, mwashi alikuwa ameshaosha mikono zaidi ya mwaka mzima.

Bamiyan, kule Afghanistan, mambo yalikwenda vingine. Machi 2001 Taliban walilipua sanamu mbili za Buddha zilizochongwa kwenye jabali, moja ya mita 55 hivi, nyingine 38. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imesihi, mabalozi wakatumwa, wapi! Wabuddha walikuwa wametoweka bondeni karne nyingi zilizopita. Wahazara wanaoishi pale ni Waislamu, na sanamu zile walizipenda, wakazipa majina, Salsal na Shahmama, na hadithi ya mapenzi juu yake. Lakini Wahazara wenyewe walikuwa wakiuawa na Taliban hao hao. Mtu anayewindwa atamlindaje jirani wa mawe? Hadi leo yamebaki matundu mawili makubwa mlimani, na wataalamu bado wanabishana kama yajazwe au yaachwe.

Tusiende mbali sana. Hapa kwetu Pwani, Wamijikenda humsimikia kigango mzee wa chama cha Gohu akishafariki: gogo la mti mgumu, kichwa cha duara, mwili umechongwa pembetatu ndogondogo kwa kisu. Kikishasimikwa haking'olewi. Kijiji kikihama, kigango kinabaki kikaliwe na jua na mchwa mpaka kiishe, na hiyo ndiyo heshima yake. Wezi walivikata vigango shinani, wafanyabiashara wakavinunua, vikaishia kwenye sebule za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani, vimepigwa taa vizuri. Hakuna aliyeshika bunduki wala sururu, lakini mimi huo nauita ubomoaji. Kitu kimeng'olewa kwa wenyewe kikabaki pambo. Na anayesema kwamba makumbusho yaliviokoa na mchwa hajaelewa kabisa kigango ni nini.

Sasa sikilizeni vilivyorudi. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, akaja kukiona kimoja kwenye picha iliyoonyeshwa mkutanoni Marekani, na chenzake kikapatikana katika jumba jingine. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudi kwa familia. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi. Linganisheni na vile 30 ambavyo jumba la makumbusho la Denver lilitangaza mwaka 2014 kuvirudisha: nchi inajulikana, lakini boma vilikotoka ni lipi? Kwa hiyo nasema kila kamati ya kanisa, msikiti, hekalu au kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ipige picha na kuchukua vipimo leo. Simu mnazo. Andikeni na jina la fundi.

Nina kisa changu. Kanisa moja mitaa ya Eastlands liliniita nitoe bei ya kusugua ukuta wa madhabahuni na kupaka nyeupe, wapate pa kurushia maneno ya nyimbo kwa projekta. Ukutani palikuwa na ubatizo wa Yesu, mto wenye matete, watu weusi wamekunja suruali hadi magotini. Mzee mmoja wa kamati akanivuta kando: "Fundi, yule wa pili kutoka kulia ni baba. Mchoraji alimweka palepale akamchora." Nikawaambia nitapiga fremu ya mbao mbele ya ukuta, niache nafasi ya hewa chini na juu, kisha nigonge plaiwudi na kuipaka nyeupe. "Na pesa ya mbao itatoka wapi?" mweka hazina akauliza. Ikatoka kwenye ile ya msasa na kazi ya kusugua. Projekta inafanya kazi, na baba wa watu yuko nyuma yake.

Sipingi dini kukataa picha. Ni haki yao, na ugomvi huo ni wa kale kuliko sisi sote. Ila kuna kufunika na kuna kuua. Michoro ya mawe madogo ya Hagia Sophia, kanisa la Istanbul lililogeuzwa msikiti, ilifunikwa kwa lipu baada ya mji kutekwa mwaka 1453, na mafundi walipoanza kuifunua mwaka 1931, sura nyingi zilikuwa bado zipo. Chokaa hubanduka. Msasa haurudishi kitu.

Askari? Wawepo, sikatai. Lakini mwaka 2000 hapa South B ugomvi ulioanzia kwenye vibanda vya biashara uliishia msikiti na kanisa Katoliki kuchomwa moto, na wachomaji hawakutoka nchi jirani. Chifu na wazee wanaowahi kusuluhisha ugomvi kama huo wa vibanda mapema hulinda zaidi ya askari anayefika moshi ukishapanda.

Na kama serikali ina pesa, izipeleke kwa mafundi. Vijana ninaowachukua kibarua wanajua saruji na jipsamu, basi. Ukuta wa zamani wa matumbawe kule Lamu au Mombasa ukiulipu kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani na ukuta unaanza kumeguka wenyewe, bila adui. Kuzima chokaa kwa maji na kuiacha ikae hadi iive ni kazi ya kujifunza polepole, na hakuna mjengo wa hapa mjini utakaomlipa kijana anapojifunza. Mshahara huo ndio ningeuombea bajeti.