Mkubwa wako wa kazi hajui unachofanya usiku: mpelekee

Chema chajiuza, tunaambiwa. Kwa embe muyuni sibishi. Kwa kazi ya kujitolea kwenye miradi huria, ile iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuichangia, nabisha: ofisini kwako hakuna anayeiona, na hataiona mpaka umpelekee.

Mimi ni mtu wa ramani. Mchana nafanya kazi kwenye kampuni binafsi ya upimaji hapa Mjini. Usiku nasaidia kuratibu vijana wanaochora Unguja na Pemba kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Mwingereza Steve Coast mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Wengi wetu tulivutiwa baada ya 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walipoanza kurusha droni kupiga picha visiwa vyetu, na picha zile zikawekwa wazi.

Kikwazo cha kwanza kwetu si bosi, ni kuogopa riya. Tumelelewa kuwa wema ukiutangaza umeuharibu, kwa hiyo mtu anaongoza kikundi miaka na kwenye fomu ya tathmini anaacha pengo. Naiheshimu sana hofu hiyo. Lakini sadaka ni ule muda ulioutoa. Ujuzi ulioupata njiani ni wasifu wako wa kazi. Ukiuficha, nafasi ya usimamizi atapewa anayejua kusema, na wewe utabaki kunung'unika barazani.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Kila badiliko kwenye OpenStreetMap hubaki na jina la aliyelifanya na tarehe, kwa hiyo aliyechora nyumba ana ushahidi wake. Kiongozi je? Kumfundisha mgeni, kuhakiki kazi za wenzako, kupoza ugomvi, haya hayaonekani kwenye hesabu. Nilipoanza kuratibu, nyumba nilizochora mwenyewe zilipungua, na kwa anayetazama namba tu nilikuwa nimezembea.

Chukua mfano huu. Kijiji kimoja cha Kusini Unguja kina njia ya miguu inayoteremkia pwani, ubavuni mwa hoteli. Mchangiaji mmoja akaifuta, kwa hoja kuwa hoteli imeweka geti. Mwengine, mtoto wa kijiji hicho, akairudisha: wazee wake wanapita pale na madema yao. Ikafutwa tena, ikarudishwa tena, grupu la WhatsApp likawaka. OpenStreetMap ina kanuni yake kwa mambo kama hayo: kinachochorwa ni kile kilichopo uwandani. Nikamuomba kijana wa tatu, asiye na upande, aende kwa miguu na simu yake. Akakuta geti lipo kweli, ila liko wazi na wavuvi wanapita. Njia ikabaki, geti likachorwa, na wale wawili bado tunao.

Kwenye fomu ya ofisini sikuandika "najitolea OpenStreetMap". Mkubwa wangu angeisoma kama anavyosoma "napenda kuogelea". Niliandika: "Nilisuluhisha mgogoro wa taarifa baina ya wachangiaji wawili kwa kuandaa uhakiki wa uwandani, utaratibu huo sasa unatumiwa na kikundi kizima." Kampuni inayoishi kwa mipaka ya viwanja haihitaji kufafanuliwa faida ya mtu wa aina hiyo.

Halafu tafuta barua ya kuithibitisha kazi yako ya kujitolea. Iombe kwa mratibu mwenzio anayeijua kazi yako, na rasimu umuandikie wewe, maana watu wana shughuli zao: umeanza lini, una dhamana gani, umefanya nini. Ofisa utumishi wetu aliigeuza yangu mbele na nyuma, akauliza, "Mbona haina muhuri?" Jamii ya mtandaoni haina muhuri wala mlango wa kubisha hodi. Nilichofanya ni kuchapisha kurasa za kumbukumbu zangu za OpenStreetMap, nikaziambatisha pamoja na anwani ya barua pepe ya mratibu aliyenipa barua ili aulizwe mwenyewe. Karatasi ya kushika mkononi bado ina uzito wake maofisini kwetu.

Ukishakuwa na barua, omba kitu kimoja au viwili vinavyoweza kujibiwa. "Nataka kutambuliwa" haina jibu. Mimi niliomba siku ninazofundisha maskulini zisikatwe kwenye likizo yangu, na jukumu hilo liingizwe kwenye maelezo ya kazi yangu. La kwanza nimepata, la pili bado linazungushwa. Fedha usianze nazo.

Hoja yako kubwa pengine iko kwenye kompyuta ya ofisi. Sisi tunatengeneza ramani kwa QGIS, programu huria iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na leseni hatulipii. Angalia na kwako kuna nini. Walioko sekta ya afya wanaijua DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya, nayo ni huria, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mwajiri akishaona kuwa tayari anakula matunda ya miradi hii, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Atauliza kama unatumia saa zake, na data za wateja zinakwendaje. Ana haki. Mjibu kabla hajauliza. Sisi tumeandikiana kuwa hakuna kipimo cha mteja kinachopandishwa kwenye ramani ya umma bila idhini ya maandishi. Mnaoandika programu mna zaidi la kuangalia: mkataba wako unasema hakimiliki ya unachokiandika nyumbani ni ya nani? Usome kwanza.

Na kama uko Serikalini, usingoje Julai, hapo mwaka wa fedha unakuwa umeshaanza na mafungu yameshagawanywa.

Wapo waajiri watakaokataa tu. Barua na kumbukumbu zako zihifadhi, utahama nazo. Na siku ukiwa wewe ndiye unayeombwa barua, iandike wiki hiyohiyo. Vijana ninaofanya nao kazi Pemba huomba mara moja tu; wakiona kimya, hawarudi kukumbusha.